Vigae Ishirini

Kutoka chini ya ngazi hadi dirishani pangu ni vigae ishirini. Kumi na viwili vya korido, vinane vya chumbani. Navijua vizuri, kimoja kimoja. Cha saba kimepasuka kona, cha kumi na moja kina doa la chuma cha pasi iliyowahi kuanguka kabla wengine wetu hatujaanza kazi pale.

Zamani sikuwa na sababu ya kuvihesabu. Nilikuwa napita tu asubuhi, naning'iniza mkoba wangu kwenye msumari, nakaa kwenye cherehani yangu ya miguu, basi. Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye dirisha lile. Chumba chetu kiko chini, kwenye jengo la ghorofa moja, na tuko mafundi sita na mpiga pasi. Kila mtu ana kazi yake. Mkubwa wetu, tunayemwita Fundi Mkasi, ndiye anayekata vitambaa. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anaunga mikono ya mashati. Wengine wanashona pembeni na kupinda chini. Mimi kazi yangu ni kola. Kola ya shati la shule ina mzunguko wake, ukikosea unene wa punje ya mchele mtoto anakwenda darasani na kola imesimama kama masikio ya sungura. Macho yangu si ya jana, nayo kazi hii inataka mwanga wa kutoka kushoto, mwanga wa mchana, si wa taa. Ndiyo maana dirisha lilikuwa langu. Bila dirisha lile mimi si fundi tena, ni bibi mwenye cherehani.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Niliupata ule ugonjwa uliofunga shule na masoko. Nililala kambi ya matibabu siku kumi na tisa. Siku tisa za kwanza sizikumbuki, zaidi ya kifua kilichokuwa kama kimekaliwa na mtu mnene. Siku kumi za mwisho nilianza kuchoka kulala, nikamwomba muuguzi sindano na uzi, nikawa nawashonea mashuka yaliyochanika. Pale ndipo nilipopata tabu ya ajabu. Nilikuwa na barakoa usoni saa zote, na kumbe sisi mafundi kazi tunaifanya kwa mikono miwili na mdomo. Pini tunazibana kwa midomo. Uzi tunaulamba ndipo uingie kwenye tundu la sindano, na tukimaliza tunaukata kwa meno. Kila nilipopeleka uzi mdomoni niligonga barakoa. Muuguzi alicheka hadi akashika ukuta. Akanipa mkasi mdogo wa kukatia bendeji, nikaufunga kwa utepe nikauvaa shingoni, na kipande cha mshumaa cha kupaka kwenye ncha ya uzi ili isimame. Siku tatu mikono ilizoea. Midomo ilikaa bure.

Nikarudi kazini Jumatatu, saa mbili kasorobo, cheti changu kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki kisilowe. Kilikuwa na mihuri miwili na maneno mawili matatu: nimepona, na siwezi kumwambukiza mtu. Binti yangu alinisindikiza mpaka kona.

"Mama, si ukae nyumbani hata mwezi mmoja?"

"Nikae nifanye nini? Nihesabu mbu?"

"Watu watakusema."

"Wanasema tayari. Jana pale bombani wote walikumbuka ghafla kwamba ndoo zao zimejaa. Nenda zako, utachelewa."

Fundi Mkasi nilimkuta mlangoni, futi ya kupimia shingoni kama kawaida yake. Aliponiona alirudi nyuma hatua, tena hatua, mpaka meza ya kukatia ikamzuia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Umerudi?"

"Nimerudi. Cherehani yangu iko wapi?"

Akawatazama wenzake mmoja mmoja, kama yupo mwenye jibu zuri kuliko lake. "Tumekuwekea mahali pazuri, mama. Pana upepo."

Mahali pazuri palikuwa chini ya ngazi, panapokaa mafagio. Cherehani ilikuwa imezungushiwa plastiki nyeusi na kamba, utadhani mzigo wa safari ya mbali. Aliniambia, akiwa amesimama mbali, kwamba watu waliokuja kupuliza dawa ndio walioitoa, wakiwa wamevaa mavazi yao meupe mpaka kichwani.

"Na kiti changu?"

"Kilichomwa."

"Kimto changu cha pini?"

"Kilichomwa pia, mama."

"Na karatasi zangu za kukatia?"

Karatasi zile zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari, bunda zima, mifano ya kola za miaka yote, kila moja na vikato vyangu pembeni nilivyovielewa mimi. Kutoka ndani nikasikia sauti ya wifi yangu. Cherehani yake haikusimama hata alipokuwa anaongea.

"Nilizichoma mimi. Ulikuwa unalamba kidole kila ukifunua moja. Mate yako yote yalikuwa mle."

"Wifi, na wewe uliyeng'ata uzi tangu siku nilipoolewa kwenu, meno yako tuyachome lini?"

Mpiga pasi akakohoa. Alikuwa anaficha kicheko, lakini siku zile kukohoa kulikuwa hatari kuliko kucheka, na wote wakamgeukia yeye.

"Kaa tu huko kwa muda, mama," Fundi Mkasi akasema. "Tutakuletea viraka na vifungo. Hali ikitulia tutaona."

Nikafungua kamba, nikakunja plastiki vizuri maana plastiki ile ilikuwa nzuri, nikageuza ndoo ya kudekia nikaikalia. Nikachukua sindano. Tundu sikuliona. Nikaigeuza huku, nikaigeuza kule, nikanyoosha mkono mpaka mwisho. Kiza. Nilikaa pale labda robo saa na sindano mkononi. Nikaelewa kwamba nikikubali leo kukaa hapa kwa muda, huo muda utakuwa ndio maisha yangu yaliyobaki.

Nikasimama, nikashika meza ya cherehani kwa mikono miwili, nikasukuma. Ina magurudumu manne madogo ya chuma, yanalia kama paka aliyekanyagwa. Kigae cha kwanza. Kigae cha pili. Pumzi ikakata. Nikarudi kwenye ndoo yangu jasho likinitoka, nikakaa kusubiri mtu aje kuirudisha cherehani ilipokuwa.

Hakuna aliyekuja.

Saa tisa Fundi Mkasi akatoka. Akaiangalia cherehani, akaviangalia vigae, akaniangalia mimi. Akanyoosha mkono kuishika meza. Mkono ukafika karibu, ukasimama hewani, ukarudi, ukaingia mfukoni.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Mlikubaliana nyinyi. Ikiwa imewakera, isukumeni muirudishe."

Akavuta pumzi, akarudi ndani. Nami nikajua nimepata njia. Walikuwa wananiogopa mno hata wasiweze kunizuia.

Jumanne, vigae viwili. Jumatano, viwili. Kila siku nilikuwa nasukuma asubuhi, napumzika, halafu nashona viraka vyangu vya siku kwa kubahatisha mwanga wa korido. Cheti nilikibandika kwa utepe mbele ya cherehani, kila mpita njia akione. Lakini ili ukisome ulitakiwa usogee, na hakuna aliyesogea.

Jumatano hiyo alikuja mama mmoja kuchukua mashati ya wanawe pacha. Aliponiona koridoni akavuta barakoa mpaka chini ya macho, akasimama ukutani.

"Huyu naye anashona humu?"

"Hapana," Fundi Mkasi akasema haraka. "Huyu... anapumzika tu."

Nimechomwa sindano nyingi kambini, hakuna iliyoingia kama neno lile. "Nashona kola, mama," nikasema. "Za wanao za mwaka jana nilishona mimi. Mmoja shingo yake ni nene kuliko ya mwenzake, au nakosea?"

Alijua sikosei. Lakini aliondoka bila mashati, akisema atatuma mtu. Nikamsikia Fundi Mkasi anasonya ndani, na wifi yangu akasema kwa sauti ya kunifikia, "Si nilisema? Atatufungisha duka huyu."

Nikainama nikaendelea na kiraka changu. Nikakimaliza. Kilikuwa kibaya. Nikakifumua nikakishona upya.

Ijumaa nilikuwa kigae cha kumi. Fundi Mkasi akatoka na shati moja mkononi, jipya, jeupe, kola imesimama. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu ya pili kutoka siku ile, na chumba kilikuwa kimepokea kazi ya mashati mia na ishirini. Walijaribu kunakili kola kutoka shati la zamani. Mwalimu mkuu akayarudisha yote ya mfano waliyompelekea.

"Mama," akasema, akiliweka shati juu ya ndoo nyingine na kurudi nyuma. "Tukatie karatasi ya kola. Moja tu. Tutaifuatisha."

"Karatasi iko kichwani. Hiyo hamkuweza kuichoma."

"Basi tukatie."

"Nitakata nikifika."

"Ukifika wapi?"

"Dirishani."

Akajikuna shingo chini ya futi. "Nikuletee taa hapo ulipo?"

"Taa inanipa kivuli cha mkono wangu mwenyewe. Nikikosea mtasema ugonjwa umenila akili."

"Wenzangu hawatakubali uingie, mama. Mimi sina neno, lakini wenzangu..."

"Mimi sijakuomba ruhusa, mwanangu. Nimekuambia tu ninakokwenda."

Jumamosi nikafika mlangoni, na hapo nikakwama. Mlango wetu una kizingiti cha saruji, kimo cha kiganja. Nilisukuma, magurudumu yakagonga, yakagoma. Nikasukuma tena kwa bega. Ndani mashine zote zilikuwa zimenyamaza, wananitazama. Wifi yangu akasema, "Haya sasa." Maneno mawili tu, haya sasa, na niliyabeba mpaka nyumbani, nikala nayo, nikalala nayo. Jumapili nilikaa uani nikipanga: nitafungua skrubu mbili, nitoe kichwa cha cherehani, nikibebe kifuani kama mtoto, halafu niinamishe meza mguu kwa mguu. Nilijua kifua changu hakiwezi. Nilipanga hivyohivyo.

Jumatatu nilifika mapema na bisibisi mkobani. Nimepiga goti, skrubu ya kwanza imeanza kulegea, nikasikia kitu kizito kimeanguka mbele yangu. Ubao wa kupigia pasi. Mpiga pasi wetu ni mwanamke mnene asiyependa maneno, siku nyingine anamaliza asubuhi nzima bila salamu. Aliulaza ubao kwenye kizingiti, akaukanyaga kwa mguu usiteleze, akaangalia dari.

"Sukuma," akasema. "Nautaka ubao wangu kabla pasi haijapoa."

Nikasukuma. Magurudumu yakapanda yakilia, yakashuka ndani, na cherehani ikasimama kwenye kigae cha kwanza cha chumba, na cha pili. Hakuna aliyepiga makofi. Fundi aliyekaa karibu na mlango alivuta kiti chake na cherehani yake mbali. Jumanne, fundi aliyefuata naye akavuta vyake. Sikuhitaji kumwambia mtu anipishe, njia ilikuwa inafunguka yenyewe mbele yangu.

Nikiwa katikati ya chumba wakaanza kuniona ninavyofanya kazi. Mpiga pasi ndiye aliyeuliza, akiwa anakunja shati.

"Mbona hung'ati uzi?"

"Niliacha kambini. Nina mkasi." Nikaunyanyua ulivyoning'inia shingoni. "Na uzi naupaka mshumaa, siulambi. Angalieni humu ndani. Nani hana kitu mdomoni?"

Fundi Mkasi alikuwa na pini nne midomoni. Fundi wa mlangoni alikuwa ameshika ncha ya uzi kwa ulimi. Wifi yangu alikuwa ndiyo kwanza anatema kipande. Walitazamana. Fundi Mkasi akazitoa pini moja moja akazichomeka kwenye shati lake, akasema, "Mazoea tu haya," na baada ya dakika tano alikuwa amezirudisha palepale.

Alhamisi nikafikisha kigae cha ishirini. Yaani ningekifikisha. Juu yake ilikuwa imekaa cherehani ya wifi yangu.

Alihamia dirishani nilipokuwa kambini. Nusu ya dirisha ilikuwa imezibwa na marobota ya vitambaa tangu zamani, nusu iliyobaki ilikuwa yake sasa. Nikasimamisha cherehani yangu nyuma ya kiti chake. Hakugeuka.

"Wifi, nimefika."

"Naona."

"Hapo ni pangu."

"Palikuwa pako."

Chumba kizima kikaacha kukanyaga. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nilikuwa nayo tangu Jumapili, makali yote. Lakini nilikuwa nyuma yake, na nikaona anavyoshona. Pua ilikuwa karibu iguse sindano. Mshono wa mkono wa shati ulikuwa umekwenda huku na huku kama njia ya kuku. Hakuwahi kushona vile. Ndiye aliyenifundisha kuunga mkono, mwaka nilioolewa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini hulioni tundu la sindano?"

Bega lake likashtuka. Nikadhani atanitukana. Akaongea kwa sauti ndogo, ingawa mle ndani hakuna sauti ndogo, tunasikiana wote.

"Mwaka jana, karibu na sikukuu. Nilikuwa nashona kwa kupapasa. Walisema hurudi, wifi. Walisema waliopelekwa kule na hali yako hawarudi. Nilikulilia siku mbili."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu nikasogeza cherehani."

"Ya tatu! Hata wiki hukunipa?"

Mpiga pasi safari hii alicheka wazi, akatoa barakoa akacheka vizuri, akairudisha.

"Na karatasi nilizichoma kwa woga," wifi akasema. "Woga kweli. Nilishika kwa kijiti kirefu. Usidhani nilichoma kwa ajili ya dirisha."

"Sidhani. Lakini nitakusema mpaka unizike."

"Sema."

"Sasa sogea vigae viwili."

"Huko sioni, wifi. Ukinirudisha nyuma nimekwisha."

Nilijua. Nani angejua kuliko mimi? Nikamwita Fundi Mkasi. "Ondoa hayo marobota."

"Yatakaa wapi, mama?"

"Chini ya ngazi. Mahali pazuri, pana upepo."

Akayaondoa. Kumi na moja, na vumbi la miaka. Nusu ya pili ya dirisha ilikuwa na komeo lililoshika kutu, akaligonga kwa kitako cha mkasi mpaka likaachia. Mwanga uliingia mpaka kwenye meza ya kukatia. Wifi akasukuma cherehani yake kushoto, vigae viwili. Mimi nikaingiza yangu pale ilipokuwa, palepale, magurudumu yakakaa kwenye vishimo vyake vya miaka thelathini na moja.

Nikakata karatasi ya kola. Mkono haukuuliza kitu. Nikaifuatisha kwenye kitambaa, nikashona kola ya kwanza, nikaigeuza, nikachomoa pembe zake kwa ncha ya mkasi, nikaiunga kwenye shati. Ikalala. Fundi Mkasi akaipapasa kwa kidole, ndiyo mara ya kwanza kugusa kitu nilichokishika tangu nirudi, akasema, "Eeh," basi, akaenda kukata nyingine.

Shati likahamia kwa wifi liungwe mikono. Uzi wake ulikuwa umechomoka. Alijaribu mara nne. Akalamba, akajaribu, akalamba. Nikaona ananiangalia kwa pembeni.

"Kile cheti chako," akasema, "kimeandikwa nini?"

"Hujakisoma siku zote hizi?"

"Ningekiona vipi?"

Nikamsomea. Maneno yote, na mihuri. Halafu nikauchukua uzi mkononi mwake, nikakata ile ncha aliyoilowesha, nikapaka mshumaa, nikaupitisha kwenye sindano yake mara moja. Alitazama vidole vyangu vilivyoshika uzi wake. Alifikiri, nilimwona anafikiri. Kisha akaweka shati chini ya sindano akaanza kukanyaga.

Alishona mkono wa kwanza, akashona wa pili, polepole, ukanyooka. Akafika mwisho. Akanyanyua shati mpaka usoni, na kabla hajajua anafanya nini, kach, akaukata uzi kwa meno.

Mashine zote zikasimama. Wifi akabaki mdomoni na kipande cha uzi nilioushika kwa vidole vyangu, macho yamemtoka, hajui ateme au ameze.

"Mkasi huo hapo, wifi," nikasema. "Usinitilie mate kwenye kola zangu."

Akautoa uzi ulimini kwa vidole viwili, akautazama, akautupa chini.

"Basi tena," akasema. "Umeshaingia."

Akafuta mdomo kwa kiganja, akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka, kama alivyokuwa akiunyoosha miaka yote. Mashati yalikuwa yamebaki mia na kumi na tisa.

"Lete nyingine."